Njia ni ya Watu Wote

Mali ya mtu mmoja hujulikana kwa mwenyewe. Nyumba ina mlango, shamba lina mpaka, na ng'ombe ana alama. Lakini njia ya mji ni mali ya namna ya peke yake. Haina mlango wa kufungwa, wala mwenyewe wa kubishiwa hodi. Kila mtu ana haki ya kuipita, na hapana mtu mwenye haki ya kuimiliki. Kwa sababu hiyo njia hudhulumiwa kwa urahisi. Mtu aliye na kitu asichokihitaji, au asicho na mahali pa kukiweka, hukiacha njiani akidhani kwamba mahali pa watu wote ni mahali pasipo na mtu. Pipa moja bovu si kitu, na gari moja lililovunjika si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kikijaa, njia huziba.

Historia ya namna miji ilivyotenda juu ya mali zilizoachwa njiani yaweza kudhaniwa kuwa ni historia ya taka tu. Kwa kweli ni historia ya haki mbili zinazogombana. Haki ya kwanza ni ya mwenye mali, kwamba mali yake isichukuliwe bila sababu na bila kuambiwa. Haki ya pili ni ya wapitaji, kwamba njia yao isigeuzwe kuwa ghala ya mtu mwingine. Mji unaoitazama haki ya kwanza peke yake hugeuka jaa. Unaoitazama ya pili peke yake hugeuka mnyang'anyi. Katika insha hii tutapitia kwa ufupi sheria za kale, kisha tutakaa zaidi katika mji mmoja, New York wa Marekani, ambao mwisho wa karne ya 19 ulikuwa umezibwa na magari yaliyoachwa, ukafunguliwa tena katika muda wa miaka mitatu.

Warumi walilijua jambo hili mapema. Katika kibao cha shaba kilichovumbuliwa Heraclea, kusini ya Italia, ambacho sheria zake wataalamu wengi huzihusisha na zama za Julius Caesar, imeandikwa kwamba kila mwenye nyumba ni lazima aitunze njia iliyo mbele ya nyumba yake. Akikataa, wakuu wa mji waliwapa kazi hiyo watu wengine kwa mkataba, na gharama yake akadaiwa yeye. Sheria nyingine ya Kirumi, iliyohifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533, yawaagiza walinzi wa njia wasiruhusu mtu kutupa mizoga, ngozi wala samadi barabarani, wala kuacha kitu chochote nje ya karakana. Lakini sheria hiyo ilikuwa na huruma ndani yake. Dobi aliruhusiwa kuanika nguo nje, na seremala aliruhusiwa kuweka nje magurudumu aliyokuwa akiyatengeneza, kwa sharti moja tu, kwamba gari liweze kupita. Kwa maneno mengine, riziki ya fundi ilipewa nafasi njiani, lakini haikupewa njia yenyewe.

Watu wa kale waliuliza pia swali jingine: kitu kinachokutwa njiani, je, kimetupwa au kimepotea? Tofauti hii ni kubwa. Aliyetupa ameiacha haki yake, lakini aliyepoteza bado anayo. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo wanavyuoni wa pwani yetu wameisomesha kwa karne nyingi, mwenye kuokota kitu cha thamani hutakiwa akichunguze vizuri, ajue chombo chake na kamba yake, kisha akitangaze kwa muda wa mwaka mmoja. Mwenyewe akitokea na kukieleza sawasawa, hurudishiwa. Sheria hiyo haikuwaweka wanyama wote katika hukumu moja. Mbuzi aliyepotea huchukuliwa, kwa maana akiachwa ataliwa na mbwa mwitu. Bali ngamia huachwa, kwa sababu ana miguu yake na maji yake, na mwenyewe atamkuta. Huko Uingereza nako, mnyama aliyepotea alitangazwa kanisani na katika masoko mawili ya jirani, naye hakuwa mali ya mfalme, au ya bwana wa nchi aliyepewa haki hiyo, mpaka upite mwaka mmoja na siku moja. Twaona kwamba watu wa mbali mbali, wasiojuana, walifikia shauri moja. Kitu kisicho na mlinzi hakiwi halali ya kila mtu papo hapo. Kuna kutangaza, kuna kungoja, na kuna kurudisha.

Sheria hizo zilitosha kwa mbuzi na mfuko wa fedha. Hazikutosha kwa miji mikubwa ya karne ya 19, ambamo vitu viliachwa njiani kwa maelfu, na wenyewe wakijulikana. Hapo ndipo habari za New York zinapoanza.

Mwaka 1890 mji huo ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, hata kabla haujaunganishwa na Brooklyn na vitongoji vingine mwaka 1898. Ulikuwa mji wa farasi. Kila mzigo ulioshushwa bandarini au katika stesheni za reli ulibebwa kwa gari la farasi. Makaa, barafu, maziwa, unga na mbao vilifika mlangoni kwa njia hiyo hiyo. Farasi mmoja hakosi kuacha samadi kila siku, na farasi wa New York walipita laki moja. Tena farasi hufa. Yasemekana mwaka 1880 peke yake mizoga kama 15,000 iliondolewa katika njia za mji huo. Farasi akianguka barabarani na kufa, aghalabu bwana wake alimvua lijamu na hatamu, akachukua vile vilivyokuwa na thamani, akauacha mzoga pale pale.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana katika mzoga huo mna kanuni inayoeleza jambo zima. Farasi alipokuwa hai alikuwa mali, na bwana wake hangemwacha njiani hata usiku mmoja. Alipokufa, thamani yake ilipungua ikawa ndogo kuliko gharama ya kumwondoa. Wakati huo huo mali iligeuka kuwa mzigo, na mwenyewe akautua mzigo huo juu ya mabega ya watu wote. Kitu huachwa njiani pale ambapo kukiondoa ni ghali kuliko kukiacha. Msomaji aikumbuke kanuni hii, kwa sababu tutaiona tena katika zama za motokaa.

Magari nayo yalifuata kanuni hiyo hiyo, ingawa hayakuwa yamekufa. Farasi ni lazima alale bandani, la sivyo ataugua au ataibwa. Gari halili wala haliugui. Mwenye gari alipomaliza kazi jioni alimfungua farasi, akampeleka bandani, akaliacha gari ukingoni mwa njia mpaka asubuhi. Siku ya Jumapili lilikaa mchana kutwa, na kazi ikikosekana lilikaa wiki nzima. Kukodi ua wa kuliweka kulihitaji fedha, na njia haikuhitaji hata senti moja. Siku moja ya Jumapili Bodi ya Afya ya mji ilifanya hesabu. Katika sehemu ya upande mmoja tu wa mji yalionekana magari 25,000 yaliyoachwa bila farasi, na kwa makadirio ya Bodi hiyo mji mzima ulikuwa na zaidi ya 60,000. Tukiyapanga magari hayo katika safu moja, na kila gari tukalipa mita 3 tu, safu hiyo itakuwa na urefu wa kilomita 180, yaani kupita mwendo wa kutoka Nairobi mpaka Nakuru.

Madhara yake yalikuwa mengi. Mfagiaji hakuweza kufagia chini ya magari, basi samadi, majivu na maganda yalirundikana hapo yakavunda. Wezi walijificha ndani yake usiku. Zaidi ya hayo, magari hayo yaliachwa hasa katika mitaa ya maskini, ambamo watu waliishi wamesongamana katika majumba marefu yenye vyumba vya giza, na ambamo watoto hawakuwa na uwanja wa kuchezea isipokuwa njia. Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyezaliwa Denmark na ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwafunulia matajiri maisha ya maskini wa mji huo, aliona kwamba gari lililoachwa lilimnyang'anya mtoto wa maskini uwanja wake wa pekee.

Msomaji atauliza: je, hapakuwa na sheria? Sheria ilikuwapo, lakini ilikuwa na mlango wa nyuma. Habari za kesi moja zatosha kuuonyesha mlango huo. Mwenye duka mmoja aliomba kibali cha kuliweka gari lake mbele ya duka lake wakati halitumiki, na wakuu wa mji wakampa kibali hicho kwa malipo. Gari likakaa hapo, na ile miti yake miwili ya kumfungia farasi imesimamishwa juu na kufungwa kwa kamba. Siku moja gari la barafu lilijaribu kupita katika nafasi nyembamba iliyobaki, likaligonga gurudumu la gari lile. Miti ikaporomoka, ikampiga mtu aliyekuwa akipita kwa miguu, naye akafa. Mjane wake akaushtaki mji.

Kesi ikafika katika mahakama ya rufani ya jimbo la New York, na hukumu ikatolewa mwaka 1889. Mahakama ilisema kwamba njia ni ya kupita, si ya kuwekea mali ya mtu, na kwamba mji haukuwa na uwezo wa kuuza ruhusa ya kuizuia. Maadamu mji ulitoa ruhusa hiyo na kupokea malipo, ulishiriki katika kosa, na ulipaswa kulipa. Hukumu hii ina maana kubwa katika historia ya miji. Kabla yake mtu angeweza kusema kwamba aliyeacha gari njiani ndiye mkosaji peke yake. Baada yake ilikuwa wazi kwamba mji ni kama mdhamini. Njia imewekwa mikononi mwake kwa amana ya watu wote, naye mwenye amana hana ruhusa ya kuikodisha kwa mtu mmoja ili wengine waumie.

Hata hivyo magari hayakuondoka. Hukumu ya mahakama ni maneno, na maneno hayasukumi gari. Siasa ilikuwa na nguvu kuliko hukumu. Chama kilichoutawala mji kwa muda mrefu, kilichojulikana kwa jina la jumba lake, Tammany Hall, kilihitaji kura za wachukuzi. Riis aliandika kwamba mchukuzi aliitoa kura yake ili apewe nafasi ya kuliweka gari lake ukingoni mwa njia. Kila mchukuzi alikuwa na jamaa na marafiki, na magari yalikuwa zaidi ya 60,000. Kwa hiyo ilidhaniwa kwamba mtawala atakayeyagusa magari hayo atakuwa amejichimbia kaburi la siasa.

Mwaka 1894 uchunguzi ulifichua ufisadi mkubwa katika polisi ya mji, na watu wakakichoka chama kile. Katika uchaguzi wa mwaka huo alichaguliwa meya mwingine, William Strong, akashika kazi Januari 1895. Kazi ya kuiongoza Idara ya Kufagia Njia alipewa kwanza Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani baadaye, naye akaikataa. Basi ikaenda kwa George Waring.

Waring alizaliwa mwaka 1833. Alikuwa mhandisi wa mifereji, aliyesimamia ukaushaji wa maji katika bustani kubwa ya New York iitwayo Central Park. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwa kanali wa askari wa farasi, na baada ya mji wa Memphis kuangamizwa na homa ya manjano mwaka 1878, yeye ndiye aliyeuchorea mifereji mipya ya maji machafu. Mtu huyu aliingia kazini na mambo mawili ambayo wakuu wa kabla yake hawakuwa nayo: utaratibu wa kijeshi, na sharti kwamba siasa isiguse idara yake. Wafagiaji wake hawakuulizwa tena wanampigia nani kura. Waliulizwa kama wamefagia.

Aliwavika wafagiaji hao nguo nyeupe toka juu mpaka chini. Watu walicheka sana, maana nani amevaa nguo nyeupe kwa kazi ya samadi? Lakini Waring alikuwa na sababu zake. Nguo nyeupe huvaliwa na mganga na muuguzi, na mfagiaji naye ni mlinzi wa afya. Tena mtu mwenye nguo nyeupe huonekana kutoka mbali kama anafanya kazi au amejificha kivulini. Mei 1896 alipowapitisha wafagiaji wake katika njia kubwa ya mji kwa maandamano, waliokuja kuwacheka waliwapigia makofi.

Kuhusu magari, Waring hakutunga hoja mpya. Alifanya lile ambalo sheria ilikuwa imelisema na ambalo hapana mtu aliyethubutu kulifanya. Magari yaliyokutwa njiani bila farasi yalikokotwa yakapelekwa katika ua za mji. Aliyelitaka gari lake alilikomboa kwa kulipa gharama, na yale yasiyokombolewa yaliuzwa mnadani. Kanuni ya mzoga ikapinduliwa. Zamani kuliacha gari kulikuwa rahisi kuliko kulihifadhi, na sasa kuliacha kukawa ghali. Mara mtu alipoona jirani yake amelipa mara moja au mbili, alitafuta ua wa kukodi bila ya kuambiwa.

Kazi hii haikupita kwa amani. Wachukuzi walipinga, na si vigumu kuyaona machungu yao. Mwenye kampuni kubwa alikuwa na ua wake, kwa hiyo hakupata hasara. Aliyeumia ni yule mwenye gari moja na farasi mmoja, aliyeishi chumba kimoja na watoto wake, na ambaye kodi ya ua ilimpunguzia mkate mezani. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: mtu huyu hakuwa mwizi. Alitenda kama baba zake walivyotenda, na kama mji wenyewe ulivyomruhusu. Mji ulioyavumilia magari yake kwa miaka mingi ulimgeukia ghafula na kumwita mkosaji.

Lakini tukimtazama mchukuzi, yatupasa tumtazame na jirani yake. Mtoto aliyecheza kati ya magurudumu alikuwa maskini vile vile. Mama aliyefungua dirisha akaingiwa na uvundo alikuwa maskini vile vile. Matajiri hawakuwa na magari yaliyoachwa mbele ya milango yao. Kwa hiyo ugomvi huu haukuwa kati ya maskini na tajiri, kama wanasiasa walivyopenda kusema, bali kati ya maskini mmoja aliyekuwa na gari na maskini kumi waliokuwa na njia tu. Dosari ya Waring haikuwa kuyaondoa magari. Ilikuwa kwamba mji haukumtayarishia mchukuzi mdogo mahali pengine pa gharama nafuu. Aliyefungiwa mlango bila kuonyeshwa mwingine huona dhuluma, hata kama mlango uliofungwa haukuwa wake.

Matokeo yalionekana kwa macho. Picha zilizopigwa kabla na baada zaonyesha njia zile zile. Katika picha ya kwanza kuna magari, matope na lundo la taka hata nyumba hazionekani vizuri. Katika ya pili kuna mawe ya barabara yaliyofagiwa na watoto wakicheza. Waring aliwakusanya watoto hao katika vyama vyao, wakapewa beji, wakafundishwa kuitunza mitaa yao na kutoa habari za uchafu walioukuta. Wengi wao walikuwa wana wa wahamiaji waliotoka Ulaya, na walipeleka nyumbani kwa lugha za wazazi wao sheria ambazo wazazi hawakuweza kuzisoma.

Waring alitoa pia hesabu ya vifo. Kwa kipimo chake, katika miaka ya 1882 mpaka 1894 mji ulipoteza kwa wastani watu 26.78 katika kila elfu kwa mwaka. Mwaka 1895 walikufa 23.10, mwaka 1896 walikufa 21.52, na katika nusu ya kwanza ya mwaka 1897 kiwango kilikuwa 19.63. Hesabu hizi zapendeza, lakini mwanafunzi wa historia asizimeze bila kutafuna. Katika miaka hiyo hiyo dawa mpya ya dondakoo ilianza kutumiwa New York, na mfanyabiashara Nathan Straus alikuwa amekwisha fungua vituo vya kuuzia maskini maziwa yaliyochemshwa vizuri. Fagio lilikuwa na sehemu yake katika kuokoa maisha, lakini halikuwa na sehemu yote. Jambo moja likitangulia jingine haliwi sababu yake kwa kutangulia tu.

Mwisho wa mwaka 1897 chama cha zamani kilishinda tena uchaguzi, na Waring akaondoka. Mwaka uliofuata alitumwa na serikali ya Marekani kwenda Havana, Kuba, kupanga namna ya kuusafisha mji huo. Huko akaambukizwa homa ya manjano, ugonjwa ule ule ambao alikuwa amejitahidi kuufukuza Memphis, akafa New York tarehe 29 Oktoba 1898. Lakini wafagiaji wenye nguo nyeupe walibaki miaka mingi baada yake. Watu walikuwa wamekwisha ona kwamba njia yaweza kuwa safi, na jambo lililokwisha onekana ni gumu kulikana.

Motokaa ilipokuja, wengi walishangilia kwamba shida ya samadi na mizoga imekwisha. Haikwisha, ilibadili umbo. Motokaa nayo hufa, na mzoga wake hauozi. Katika miaka ya mwisho ya 1960 New York iliondoa njiani makumi ya maelfu ya motokaa zilizotupwa kila mwaka. Sababu yake ni ile kanuni yetu. Bei ya vyuma chakavu ilikuwa imeshuka, na kulipia gari bovu livutwe kulipita bei ya vyuma vyake. Mwenyewe aliondoa namba zake, akaliacha usiku, akaenda zake.

Mwaka 1969 mtaalamu wa saikolojia, Philip Zimbardo, alifanya jaribio lililopata sifa. Aliacha motokaa moja bila namba, na boneti imefunguliwa, katika mtaa wa Bronx mjini New York, na nyingine namna hiyo hiyo katika mji tulivu wa Palo Alto, California. Ile ya Bronx ilianza kunyofolewa katika muda wa dakika 10 hivi, na wa kwanza walikuwa baba, mama na mwana wao. Baada ya kama siku moja vitu vyote vya thamani vilikuwa vimekwisha, kisha ukafuata uharibifu usio na faida kwa mtu. Ile ya Palo Alto ilikaa zaidi ya wiki bila kuguswa, mpaka Zimbardo mwenyewe alipoanza kuigonga kwa nyundo. Hapo wengine nao wakajiunga. Hatuwezi kusema kwamba watu wa mahali pamoja walizaliwa wabaya kuliko wa mahali pengine. Kitu kilichoachwa humwambia kila apitaye kwamba hapa hapana mwangalizi, na mtu akisha kuliamini neno hilo, mkono wake hulegea. Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uingereza ilijaribu kuuziba ufa huo kwa sheria ya mwaka 1967. Sheria hiyo iliwapa wakuu wa miji wajibu, si hiari tu, wa kuondoa motokaa zilizotupwa. Iliwataka wabandike ilani juu ya gari kabla ya kuliondoa kwenda kulivunja. Tena iliwaagiza watenge mahali ambapo mwenyeji aweza kupeleka vitu vyake vikubwa vibovu bila malipo. Katika sheria hii twaona vipande vyote tulivyovikuta njiani vimeunganishwa: ulinzi wa njia wa Warumi, tangazo la watu wa kale, mkono imara wa Waring, na kile ambacho mchukuzi mdogo wa New York alikikosa, yaani mahali pengine pa kwenda.

Mwanafunzi wa Kenya apitaye mjini kwenda shule haoni mizoga ya farasi, lakini huona gari lililokaa juu ya mawe mpaka majani yameota ndani yake, au kibanda kilichovunjika na kuachwa juu ya njia ya waendao kwa miguu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuondoa taka na kuzitunza barabara za kaunti. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, yalinda mali ya kila mtu isichukuliwe ovyo. Haki zile mbili zimo ndani ya kitabu kimoja, nazo zitaendelea kugombana katika kila mtaa. Askari wa kaunti akilikokota gari bila ilani ameivunja moja. Mwenye gari akilitupa mlangoni mwa jirani ameivunja nyingine.

Kwa hiyo kila tunaposikia kwamba mji umeamua kuziondoa mali zilizozuia njia, yatupasa tuulize maswali manne kabla ya kusifu au kulaumu. Je, mwenyewe ameambiwa? Je, amepewa muda? Je, aweza kuikomboa mali yake kwa gharama ya haki? Na je, ameonyeshwa mahali pengine pa kuiweka? Mji ukiweza kuyajibu yote manne kwa ndiyo, na uikokote mali hiyo bila kuogopa kura za mtu. Lakini ukiyajibu kwa siyo, hata njia ikiwa safi kiasi gani, mtu mmoja ameachwa ukingoni mwake.